Nesi Marta na Ziwa Lisilo na Mtu

Nesi Marta hakuwahi kugombana na marehemu mpaka alipostaafu.

Miaka yote ya kazi alitoka nyumbani na umande kwenda zahanati, akarudi giza limeshaingia, na ukuta wa sebule yake ulikuwa ukuta tu. Alipokabidhi funguo za wodi ya wazazi, akaagwa kwa keki, vitenge na hotuba ndefu, ndipo alipoanza kushinda nyumbani mchana, na ndipo alipogundua kwamba hayuko peke yake. Ukutani walikuwapo baba mkwe na mama mkwe, wamekalia viti vya kuazima, wamekunja nyuso kama watu wanaosubiri hukumu. Pembeni yao baba yake mzazi na kofia yake. Watoto wa kipaimara, watoto wa mahafali, watoto wa harusi. Shangazi wa Mlola aliyepigwa picha akipepesa jicho, akabaki na jicho moja milele. Baba Askofu wa kwenye kalenda ya mwaka juzi. Wote wanatazama mbele, na mbele ndipo lilipo kochi la Nesi Marta.

"Siwezi kumeza," alimwambia mumewe mchana mmoja.

"Ugali umekuwa mgumu?"

"Ugali ni mzuri. Mama yako ananiangalia."

Aron akageuka, akamtazama mama yake kwa muda. "Hata mimi ananiangalia," alisema, akakata tonge jingine.

Aron alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Sikio lake la kulia lilikuwa limeharibiwa na mashine ya kupasulia mbao, na la kushoto alilitumia kwa mambo ya lazima tu. Kila alipoona kamera alisimama wima, mikono imebana mapaja, kidevu juu, kama mgambo anayekaguliwa. Hivyo ndivyo alivyo kwenye picha zote za ukoo, hata ile ya ubatizo wa mjukuu, ambapo wenzake wote wanacheka.

Basi Nesi Marta akawaza. Kuwashusha wazee ukutani hawezi, ungezuka mgogoro wa ukoo mzima. Lakini ukuta una nafasi katikati. Kama angeweka hapo picha moja kubwa, nzuri, isiyo na mtu hata mmoja, jicho lake lingepata pa kupumzikia. Na kamera alikuwa nayo. Binti yake Janeth, anayefanya kazi Tanga, alikuwa amenunua simu mpya na kumwachia mama yake kamera yake ya zamani, nyeusi, nzito kama tofali.

"Nitapiga picha ya ziwa," alitangaza.

"Na nani?" aliuliza Aron.

"Na nani vipi? Ziwa. Maji, misonobari, milima. Bila mtu."

Aron alilifikiria hilo jambo kama anavyofikiria mbao yenye ufa. "Sasa Mama Janeth, kama hamna mtu, hiyo ni picha ya nani?"

Ziwa lenyewe ni Bwawa la Kwefungo, juu ya mji wa Lushoto, mahali msitu unapoanza. Lilichimbwa zamani na wenye mashamba, lakini hakuna anayeliita bwawa. Asubuhi, upepo ukitulia, maji yake hulala kimya na misonobari husimama ndani yake kichwa chini. Sifa hizo zilifika Korogwe, zikafika Tanga, zikafika Dar es Salaam, na tangu watu waanze kurusha picha kwenye simu, kila mwisho wa wiki hukusanyika pale umati ambao ungetosha kuchagua mbunge. Kuna wauza plamu na fyulisi, wachoma mahindi, maharusi, vijana wenye spika. Na kuna Shukrani, mpiga picha wa pale, aliyeweka ukingoni kiti cha kifalme cha kitambaa chekundu na moyo mkubwa wa maua ya plastiki, na kila anayefika humkalisha humo.

Jumamosi ya kwanza Nesi Marta alifika na kamera shingoni. Hakuwa amewaza jambo moja: watu wa Lushoto walio chini ya miaka arobaini, karibu wote walipitia mikononi mwake.

"Nesi, shikamoo!"

"Marahaba."

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Kila alipoinua kamera, shikamoo ilimdondokea kutoka upande fulani, na shikamoo haiachwi hewani. Akaitikia mpaka koo likamkauka. Mbaya zaidi, walioiona kamera walijua wamepata bahati. Familia ya watu tisa ilikuja mbio, ikajipanga mbele ya ziwa kwa kimo.

"Nesi, tuko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Picha."

"Sipigi watu. Napiga ziwa."

Wakatazamana. Baba wa familia aligeuka akaliangalia ziwa, kama mtu anayetafuta kosa lake. "Kwani ziwa limefanya nini?"

Shukrani alisogea, akanong'ona kitaalamu. "Nesi, nikushauri kama mtoto wako. Ziwa tupu halina soko. Kaa kwenye kiti, nikupige mimi, ziwa litaonekana nyuma, hapa juu ya bega."

"Shukrani," alisema Nesi Marta, "wewe niliyekutoa ukitanguliza makalio, leo unanipangia pa kukaa?"

Wauza mahindi walicheka mpaka moto ukafifia. Shukrani akarudi kwenye kiti chake, akajifanya anapanga maua.

Alijaribu siku ya kazi, alfajiri, akiamini ziwa litakuwa limelala. Akakuta kwaya. Walikuwa wanarekodi video, wamevaa sare ya kitenge cha machungwa, wanatembea wakiwa wamesimama palepale kama kwaya zote zinavyotembea, na mbele yao mwalimu Kristian anapunga mikono. Nesi Marta akaketi kwenye jiwe kusubiri wamalize. Kwaya haimalizi. Ubeti wa tatu walirudia mara nyingi kiasi kwamba hata vyura waliushika.

Mwishowe Kristian alimfuata, amejikunja kwa heshima. "Shikamoo, mama. Tuna ombi. Kwenye huu ubeti kuna mjane anayelia kando ya maji. Tuliyemwandaa anaumwa jino."

"Mimi si mjane. Baba Janeth yupo nyumbani anapiga randa."

"Ni kuigiza tu, mama. Utaangalia maji kwa huzuni."

Angekataa, lakini aliyeshika kamera ya video alikuwa mjukuu wa rafiki yake, na jua lilikuwa linapanda. Akaangalia maji kwa huzuni. Hakuhitaji kuigiza, maana ukungu ulikuwa umeshashuka na hilo ziwa lenyewe halionekani. Video ilitoka kabla ya mwezi kwisha, na baadhi ya ndugu wa Mlola walimpigia simu Aron kuuliza kama amefariki.

Mara nyingine alikuta ng'ombe. Mara nyingine alikuta vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki. Kisha siku moja ya manyunyu alimkuta mzungu mmoja peke yake, amesimamisha kamera kubwa juu ya miguu mitatu, anasubiri. Moyo wa Nesi Marta uliruka kwa furaha. Hatimaye mtu mwenye akili! Wakasimama bega kwa bega, wakatikisiana vichwa, wote wawili wakalitazama ziwa tupu. Kamera ya Nesi Marta ilikuwa ndiyo inatoka kwenye mkoba pale kijana aliyekuwa akimwongoza yule mgeni alipokuja mbio.

"Mama, shikamoo. Mgeni anasema ziwa ni zuri lakini lina upweke. Anaomba, kama hutajali, usimame pale majini. Hata ukiwa na ndoo kichwani."

"Ndoo ya nini?"

"Anasema picha inahitaji mtu wa mahali."

Nesi Marta alifunga mkoba, akashuka mlima bila kuaga, na njia nzima alizungumza Kishambaa peke yake.

"Hawa watu hawataisha," alimwambia mumewe jioni ile. "Nikitaka ziwa bila mtu, itabidi niwaondoe mwenyewe."

"Wote?"

"Niliwaingiza duniani. Nashindwaje kuwatoa kwenye nyasi?"

Alichagua Jumatatu ya Pasaka. Ungeweza kumwambia kwamba hiyo ndiyo siku ziwa linapojaa kuliko siku zote, na Aron alimwambia. Lakini Nesi Marta alikuwa amekwisha kuwa mtu wa vita, na mtu wa vita hataki ushindi mdogo. Tena jua la siku hiyo lilikuwa safi, baada ya mvua ya usiku, anga imeoshwa.

Walikwenda wote wawili. Aron alibeba chupa ya chai na sweta la mkewe. Walipofika juu ya ukuta wa bwawa, mahali pa kuona maji yote, hata nyasi hazikuonekana kwa watu. Ng'ambo kulikuwa na familia zimetandika mikeka.

"Baba Janeth, wewe zunguka. Nenda ng'ambo kule, waambie watoke wote waje huku nyuma yangu. Mpaka wa mwisho."

"Mpaka wa mwisho," aliitikia Aron, akaondoka na chupa ya chai.

Nesi Marta akasubiri mpaka mikeka ya ng'ambo ilipoanza kukunjwa. Kisha akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo ilikuwa haijatumika tangu alipostaafu. Ile ya wodini, iliyokuwa ikiwafanya akina baba waliojazana mlangoni wakumbuke shughuli nyingine.

"SIKILIZENI!"

Spika zikazimwa moja baada ya nyingine.

"Kila mtu aje nyuma yangu. Kila mtu! Bwana harusi, mshike mkeo, atajikwaa na hilo shela. Wewe wa mahindi, acha jiko, halina miguu. Davis, nakuona, toka nyuma ya huo mti. Ulipozaliwa ulijificha hivyohivyo, tukahangaika usiku kucha!"

Wenyeji waliinuka bila kuuliza. Waliotoka Tanga na Dar es Salaam walibaki wakishangaa.

"Samahani, huyu mama ni nani?" aliuliza dada mmoja mwenye miwani mikubwa. "Ni serikali?"

"Ni Nesi," alijibiwa.

"Nesi wa nini?"

"Wewe inuka tu, dada."

Wakapanda ukuta, wakamiminika nyuma yake, wakubwa kwa wadogo, maharusi, kwaya, wauza plamu na matenga yao. Shukrani alikuja wa mwisho, amebeba kiti chake cha kifalme kichwani. Na mbele yao, ziwa likabaki peke yake.

Palikuwa kimya. Watu wengi waliokuja pale miaka yote hawakuwahi kujua kwamba yale maji yana sauti, kitu kidogo tu, kama mtoto anayenyonya usingizini. Misonobari ilisimama na kivuli chake. Wingu moja lilikuwa linaogelea katikati. Nesi Marta alihisi kitu kikimlegea mabegani, kilichokuwa kimekaza tangu ujana wake.

"Ni zuri kweli," alinong'ona mtu nyuma, kwa sauti ya aliyeonewa.

"Hapohapo!" aliamrisha Nesi Marta, macho kwenye kamera. "Mtu asitikisike!"

Akabonyeza. Akabonyeza tena na tena. Miwani yake ya kusomea ilikuwa nyumbani, kwa hiyo kwenye kile kioo kidogo aliona rangi ya bluu na rangi ya kijani, na hizo ndizo alizozifuata. Akashusha kamera, akageuka.

"Asanteni. Mnaweza kuendelea na Pasaka."

Wakampigia makofi. Bibi harusi alilia kidogo, bila sababu.

Kesho yake, Jumanne, mume na mke waliteremka mjini, kwenye studio ya kijana mmoja aitwaye Alen, mwenye kompyuta na mashine ya kutoa picha kubwa. Alen alifungua picha ya kwanza, ikajaa kioo kizima. Nesi Marta akavaa miwani, akakunja mikono kifuani kwa ushindi.

"Nzuri sana, mama," alisema Alen. "Imetulia. Ila huyu mzee wa huku ng'ambo ndiye mwenye ziwa?"

"Mzee gani?"

Alen akaivuta picha karibu. Ng'ambo ya maji, katikati kabisa, mbele ya misonobari, alikuwapo mtu. Amesimama wima, mikono imebana mapaja, kidevu juu. Miguuni pake pana chupa ya chai. Anatazama mbele moja kwa moja.

Nesi Marta aligeuka polepole. Aron alikuwa akiikodolea macho kompyuta, amependezwa.

"Baba Janeth."

"Naam."

"Nilikwambia uwatoe watu wote ng'ambo."

"Niliwatoa. Hebu tazama, yupo mtu?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nawasimamia."

"Sasa mbona umesimama hivyo?"

"Ulisema hapohapo, mtu asitikisike. Nilisikia vizuri sana," alisema Aron, kwa fahari ya mtu ambaye husikia kwa nadra. "Maji yanaleta sauti."

Alen alifungua picha ya pili, ya tatu, zote. Wingu lilikuwa limesogea, bata mmoja alikuwa ameingia na kutoka. Aron hakuwa amesogea hata ukucha.

"Mama, hili si tatizo," alisema Alen. "Namfuta sasa hivi. Hata hutajua alikuwapo."

Pale studioni pakawa pagumu kidogo. Nesi Marta alimtazama mumewe, akatazama kompyuta, akamtazama tena mumewe. Akamkumbuka mama mkwe na shangazi wa jicho moja. Mwingine wa kumwangalia akila?

"Nifute tu," alisema Aron. "Ndicho ulichotaka."

"Hutakasirika?"

"Nikasirike nini? Mimi si nipo hapa?"

"Basi mfute," alisema Nesi Marta, sauti ikiwa ndogo kuliko alivyokusudia.

Alen akavuta kipanya, akazungusha, akabonyeza. Kwanza ilitoweka chupa ya chai. Kisha miguu. Aron aliinama karibu na kioo, pua ikakaribia kugusa, akajishuhudia anakwisha kuanzia chini kwenda juu. Kilipotoweka kichwa alishusha pumzi.

"Nimekwenda wapi?"

"Umekuwa majani, mzee," alisema Alen.

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye kona ya kanisa, Aron alisimama. "Majani gani?"

"Majani ya nini, Baba Janeth?"

"Yale niliyokuwa. Ni ya ng'ombe au ni magugu?"

"Ni majani mazuri tu. Twende."

Fremu aliitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao ya mkuyati, akaipiga msasa na kuipaka vanishi mpaka ikang'aa, akaweka na kioo. Picha ikatundikwa katikati ya ukuta. Mchana ule Nesi Marta alikula ugali wake wote na kuongeza. Jicho lake lilitembea juu ya maji, likapanda misonobari, likapumzika kwenye wingu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza kitu.

Amani hiyo ilidumu mpaka mgeni wa kwanza. Jirani yao Jenoveva aliingia kuazima ungo, akaiona picha, akaisogelea, akatafuta kwenye pembe zote nne.

"Nzuri. Sasa nani yumo?"

"Hamna mtu," alisema Nesi Marta.

Aron akainuka kutoka kwenye kochi, jambo ambalo halifanyi hata Mchungaji akiingia. Akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya kioo.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Sasa ni majani. Lakini nilikuwa hapa, na chupa ya chai ilikuwa hapa."

Jenoveva aliitazama ile sehemu kwa makini kuliko alivyowahi kutazama picha yoyote ya nyumba ile. "Kweli, hata majani yenyewe yamesimama wima," alisema.

Ikawa hivyo. Kila aliyeingia aliuliza, na Aron, ambaye watu walikuwa wanaweza kukaa naye alasiri nzima bila kusikia neno, aliinuka na kueleza: alivyotumwa, alivyowaondoa, maji yalivyoleta sauti, Alen alivyomwanzia miguuni. Hadithi ilinenepa kila wiki. Watu walianza kuja makusudi kumwona alipokuwa. Nesi Marta alifuta alama ya kidole kwenye kioo kila Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada ilikuwa imerudi. Alikasirika wiki za mwanzo. Baadaye alijikuta akimsahihisha. "Bata hawakuwa wawili, Baba Janeth, alikuwa mmoja."

Mwezi wa nane Aron alipanda kwenda Mlola kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake. Akabaki huko siku kadhaa, maana walimpa kazi ya kurekebisha milango. Nesi Marta alikula peke yake mbele ya ziwa lake tupu. Lilikuwa zuri kama kawaida. Lakini kila tonge, jicho lilikuwa linavuka maji yote kwenda kusimama kwenye majani ya ng'ambo.

Alasiri moja hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Mwinjilisti Yeremia, aliyehamia kutoka Magoma siku chache tu zilizopita, anazungukia nyumba za washarika kujitambulisha. Kijana mpole, mwenye sauti ya matanga. Nesi Marta akamkaribisha, akammiminia chai, akamkatia na mkate.

"Picha nzuri sana, mama," alisema Mwinjilisti, akiinuka na kikombe. "Tulivu. Lakini sioni mtu."

Nesi Marta alikuwa ameshafika ukutani kabla hajajua kama ameinuka. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Mzee wangu alikuwa hapa," alisema polepole, maana nyumba ilikuwa kimya siku zote hizo. "Alisimama hapa, wima, na chupa yake ya chai. Sasa ni majani tu."

Mwinjilisti Yeremia aliweka kikombe mezani polepole sana. Akaushika mkono wa Nesi Marta kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Pole sana. Bwana alitoa. Mzee alituacha lini?"

"Jumatano," alisema Nesi Marta. "Amekwenda Mlola, harusini."

Lakini Mwinjilisti alikuwa ameshafumba macho na kuanza kuomba, na kama ilivyo kwa vijana wa Magoma wanaolipenda neno, hakuwa anaomba kwa kifupi. Nesi Marta akainamisha kichwa, akasubiri amina ili amweleze.